Bwazi Nililolitaja Kanisani

Niseme mapema kwamba mi si mtu wa miti. Mi ni fundi wa nguo. Nikishika kitambaa nitakuambia kitachuja rangi au hakitachuja, lakini ukinionyesha majani, kwangu yote ni majani. Mtu wa miti ni mama yangu, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinitia haya.

Tumetoka upande wa Fizi, huko Kongo, ambako mama alilima mihogo na kukanda migongo ya watu. Tulipofika Malawi yeye alibaki kambini Dzaleka, mi nikaenda Lilongwe na mashine yangu ya mkono kutafuta maisha. Nililala Chinsapo, nikashona Area 18, kwenye kibaraza cha duka, kwa wamama wa ofisini waliotaka gauni leo kwa harusi ya kesho. Nilisali kanisa la magitaa, na mchungaji wa huko hakuchoka kutukumbusha kwamba mizizi na magome ni mambo ya shetani. Mama alipokuja na vifurushi vyake kunitembelea mi binti yake, nilivisukuma chini ya kitanda kabla majirani hawajaingia. Kimoja nilikitupa. Aliponiuliza kiko wapi nikamwambia panya wamekila. Alinitazama tu, na mi nikaendelea kupiga pasi.

Kisha serikali ikasema wakimbizi wote warudi kambini. Nilifunga mashine kwa kamba, nikaagana na wateja wangu, nikarudi kwa mama kwenye nyumba yake ya vyumba viwili. Kimoja alilala yeye, kingine nililala mi na hasira yangu. Nilikasirikia kila kitu: foleni ya maji, vumbi, jirani anayeimba, na zaidi mama, kwa sababu yeye peke yake alinivumilia.

Hapo njo bega likakataa. Bega la kulia, la mkono unaozungusha gurudumu la mashine. Asubuhi sikuweza kuinua mkono kufunga kilemba. Kituo cha afya walinipa vidonge, nikavimeza, vikaisha, bega likabaki vilevile. Fundi asiye na bega hana kazi, na bila kazi kambini unakaa tu mlangoni unahesabu wapita njia. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, sijui kipi kilizidi.

Mama akaniambia nivae viatu. Ilikuwa mwezi wa nane, mashamba yamekauka. Tulipita pampu ya pili ya maji, tukatoka nje ya nyumba za kambi, tukafuata matuta ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa hadi kwenye shamba la mama mmoja mzee, Mmalawi. Watu wote humwita agogo, yaani bibi. Kwenye kona ya shamba kulikuwa na kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu kimesimama kichaka kirefu kuliko mtu, gome lake jeupe lililochanganyika na kijivu, laini, matawi membamba yamelegea kuelekea chini. Majani yalikuwa machache, madogo, yamekaa kwa vifungu. Kama mama asingesimama ningekipita.

Wamalawi wanakiita bwazi. Mama ana jina lake la nyumbani, na hilo silitaji, nimekwisha kutaja ya kutosha.

Alinisimulia, akiwa amechuchumaa pale, jinsi walivyokutana. Mwaka wake wa kwanza Dzaleka hakutoka nyumbani. Alikuwa anakaa, analala, anaamka, anakaa. Siku moja alikwenda kuokota kuni kwa kukosa mtu wa kumtuma, akakiona kichaka hiki kimechanua, akakitambua. Alisema alikisalimia. Tangu avuke mpaka hakuwa ameona kitu chochote anachokijua kwa jina. Agogo alimkuta anaongea na mti, akadhani ni mwendawazimu, akaja na jembe. Lugha ya kuelewana hawakuwa nayo. Mama akachimbua mchanga kidogo, akakwaruza mzizi kwa ukucha, akamnusisha. Agogo akacheka. Kumbe naye alijua: baba yake alikuwa anasokota nyuzi za nyavu kutoka kwenye vitawi vya bwazi, na marehemu mume wake alipofyeka shamba alikizunguka kichuguu kile makusudi.

Zamani, agogo alisema, yalikuwa mengi kwenye vilima vyote vile. Watu wamekata miti kuchoma makaa, na mabwazi yaliyobaki yamechimbwa na wauza dawa. Mti ukikatwa matawi unachipua tena, ukichimbwa mizizi kwisha habari yake, na dawa ya bwazi iko kwenye mizizi. Bwazi hili lilikuwa la mwisho alilolijua yeye.

Kwa hiyo walipatana, wazee wale wawili, kwa mikono na kwa maneno machache. Mzizi mmoja kwa mwaka. Mwaka huu upande jua linapotoka, mwaka ujao upande linapozama. Shimo lifunikwe na kukanyagwa. Mti ukiwa na maua au matunda, usiguswe, kwa sababu umebeba mimba. Na mama asilete mtu. Mi nilikuwa mtu wa kwanza kuletwa, na mama alikwenda kwanza kuomba ruhusa mlangoni kwa agogo.

Mzizi ulipokatwa, harufu iliyotoka ilikuwa ile ya pomade ya misuli, ile wanayojipaka wacheza mpira, kali mpaka puani. Nilishangaa. Mama aliukwangua, akaukausha, akautwanga, akauchanganya na mafuta, akanikanda bega kila asubuhi. Alinionya mara mia nisije nikathubutu kuunywa, ndani ya tumbo ni sumu. Wiki ya kwanza nilimkejeli. Wiki ya pili nilinyamaza. Mwezi wa tisa ulipoisha nilikuwa nazungusha gurudumu, na siku niliyofunga kilemba mwenyewe mama alijifanya hajaona.

Mwezi wa kumi bwazi likachanua. Mama alinivuta nikalione, na hapo mi mtu wa vitambaa nilisimama mdomo wazi. Kichaka kizima kilikuwa cha zambarau iliyoingia uwaridi, maua madogo yamejaa kwenye vitawi hadi majani hayaonekani, na harufu tamu, siyo ile ya mzizi. Nimeuziwa nyuzi za kila rangi maishani mwangu, ile sijaipata. Agogo alitoka na kiti akakaa nasi. Kutoka siku ile alianza kuniletea sketi zake nimpunguzie, na vitenge vyake vya kanisani. Nilikuwa mkalimani wao, kwa sababu Chichewa nilikijua kutoka sokoni Lilongwe. Walikuwa na mengi ya kuambiana, kumbe, na yote yalikuwa juu ya watoto na magoti.

Nilipopata karatasi ya ruhusa kwenda Lilongwe kununua vifungo na zipu, nilibeba kitawi kimoja kilichodondoka. Area 18 nilikuwa na mteja wa zamani, mtu mzima anayefanya kazi kwenye kitalu cha miti. Nilimshonea ovaroli zake miaka yote. Alipokiona kitawi alivua miwani akaisafisha. Akaniketisha, akanieleza mambo ambayo sikuwahi kufikiri mtu anaweza kuyafanyia kazi: kwamba tunda la bwazi lina ubawa mmoja tu, kama kipande kimoja cha mkasi, unaolirusha mbali na mama yake. Kwamba ndani kuna mbegu moja, na ganda lake ni gumu. Kwamba mche wake ukiota unashusha mzizi mrefu haraka, ukiuhamisha vibaya unakufa, na yeye amekwisha kuua mingi. Mbegu za kutosha hapati, kwa sababu miti mikubwa inachimbwa kabla haijazaa. Aliomba kitu kimoja. Nisubiri mabawa yakauke yawe ya kahawia, mwezi wa sita au wa saba, nimletee yaliyoanguka yenyewe. Yakiwa mabichi hayafai kitu.

Nikamwahidi. Nilirudi Dzaleka nimevimba kichwa. Mi, fundi niliyefukuzwa mjini, nilikuwa natunza kitu ambacho mtu mwenye ofisi na miwani anakisubiri. Niliwaeleza mama na agogo, nao wakakubali: mwaka huu hakuna kuchimba kabisa, hadi mbegu ziende Lilongwe. Mwezi wa kwanza mabawa yalikuwa ya kijani, yananing'inia kwa mafungu. Nilikwenda kuyaangalia kila wiki kama mtu anayeangalia chungu jikoni.

Sasa ndiyo nafika pale nisipopenda kufika.

Kanisa letu la Dzaleka liko na desturi ya ushuhuda. Ukipona, ukipata mtoto, ukipata barua ya kuhama, unasimama mbele ya watu unasema. Na hausemi kwa juujuu. Mchungaji anapenda ushuhuda kamili: ulikuwa unaumwa wapi, lini, nani alikusaidia, mahali gani. Anasema anayeficha mahali anamficha Mungu. Mwezi wa tatu kulikuwa na siku ya shukrani, na watu walijua bega langu, walikuwa wameliombea. Ilikuwa zamu yangu.

Mama hakuwepo. Asubuhi ile miguu ilikuwa imemvimba, nikamwacha kitandani.

Nitasema ukweli kwa nini nilisema yote. Kulikuwa na minong'ono juu ya mama. Wanawake wa korali walisema anaongea na miti, anatoka alfajiri na kijembe, huenda ni mchawi. Minong'ono hiyo nilikuwa naijua, na Lilongwe ningejitia siisikii. Siku ile damu ilinichemka. Nilitaka niwafunge midomo wote kwa mara moja. Nikashika mikrofoni nikasema mama yangu si mchawi, mama yangu ni daktari. Nikasema Mungu amemwekea dawa katika kichaka kinachoitwa bwazi, na mi niliyekuwa namdharau nimesimama hapa kwa mikono ya mama yangu. Watu wakapiga makofi. Na makofi, jamani, yanalevya. Nikaendelea: pita pampu ya pili, shamba la agogo, kona yenye kichuguu, mti wenye gome jeupe. Nilisema usinywe, ni wa kupaka tu. Hilo angalau nilikumbuka. Korali ikaanza wimbo, nikarudi kwenye benchi nikiwa nimelowa jasho, nina furaha kuliko siku niliyoolewa.

Alhamisi mwanamke mmoja wa korali alikuja nyumbani. Mama alikuwa pampuni. Mwanamke yule alinishika mikono miwili akanishukuru, akasema mume wake amepata usingizi kwa mara ya kwanza mwaka huu, mgongo umelegea. Akafungua kona ya kitenge chake kunionyesha. Kipande cha mzizi, kimekatwa upya. Harufu ikanifikia kabla hajamaliza kufungua fundo.

Nilimuuliza kama amechimba mwenyewe. Akasema ndiyo, lakini alichukua kidogo tu, kwa sababu alikuta wengine wamekwisha kufika. Kila mtu alichukua kidogo tu, alisema.

Nilikimbia. Nilipita pampu, mama akaniona nakimbia bila viatu, akaacha ndoo yake kwenye foleni akanifuata kwa miguu yake ile mibovu.

Kichuguu kilikuwa kimefunuka nusu. Walichimba upande wa jua linapotoka, na upande linapozama, na pande zote nyingine. Hakuna shimo lililofunikwa. Wa mwisho, ambaye hakukuta cha kuchimba pembeni, alikata kisiki chenyewe akaondoka nacho. Matawi yalitupwa kwenye mahindi, bado na majani, bado na mabawa yale ya kijani kwa mafungu. Nilisimama pale natafuta mtu wa kumtukana. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na watu wa kanisa langu wenye migongo.

Agogo alikuja kutoka nyumbani kwake, pole pole, akishikilia jembe kama mkongojo. Mama naye alikuwa amefika, anahema. Agogo hakupiga kelele. Alisema kwa Chichewa, akimtazama mama na siyo mi, kwamba alimruhusu mtu mmoja na sasa ameletewa kijiji. Aliuliza nani aliwaambia. Kisha akanigeukia, nimtafsirie.

Nilitafsiri. Nilimwambia mama, agogo anauliza nani aliwaambia watu.

Mama aliangalia mashimo, moja, jingine, kama anayetafuta kitu alichoangusha. Akasema, "Mwambie njo mimi."

Nilifikiri amechanganyikiwa. Nilifikiri labda anadhani watu walimfuata alfajiri bila yeye kujua. Nilikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, kwa Kiswahili na kwa Chichewa, ningeyasema kwa lugha yoyote. Badala yake nikamgeukia agogo nikamwambia, mama anasema ni yeye.

Agogo alitikisa kichwa taratibu. Mama akapiga magoti palepale kwenye udongo uliofukuliwa, akasema neno moja la Chichewa alilolijua vizuri, pepani, yaani samahani. Alilirudia. Agogo akageuza mgongo akaenda zake.

Nilikusanya mabawa mabichi kwenye mfuko hadi mikono ikawa na utomvu wa majani. Nilijiambia nitalirekebisha mwenyewe, kimya kimya, na nikishalirekebisha ndipo nitasema. Asubuhi nilitafuta karatasi ya ruhusa, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi lami, nikafika Area 18 kabla ya saa sita. Mteja wangu wa kitalu alimwaga mfuko juu ya meza. Alichukua wembe akapasua tunda moja. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, laini, kama maziwa yanayoanza kuganda. Akapasua jingine. Alipasua kama kumi, akiyachagua makubwa, na kila akipasua mi nilikuwa nasema moyoni, hili. Kisha akaweka wembe chini. Aliniuliza bila hasira ni nani aliyechimba, nikamwambia watu. Akaniuliza kama kuna bwazi jingine upande ule, nikasema agogo hajui jingine. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akafuta miwani muda mrefu.

Nilirudi jioni ileile na mfuko mtupu. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilikaa chini mbele yake, siyo kwenye kiti, nikamwambia yote: siku ya shukrani, mikrofoni, pampu ya pili, kichuguu. Nilimwambia ni mimi nilimsaliti, na pale shambani nikamwacha abebe. Nilitaka anipige. Katika maisha yake hajanipiga, nilitaka aanze.

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akaliweka pembeni.

"Najua," akasema. "Mi nilikuwa kwa dirisha."

Miguu ilikuwa imemsumbua, lakini alijikokota hadi kanisani akachelewa, na kwa aibu ya kuchelewa akabaki nje kwenye ukuta. Alinisikia kutoka neno la kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakuingia kunizuia. Alijua maana ya kutaja mahali. Angeingia, angekohoa tu, ningenyamaza.

"Bantu bote banakusikiliza," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "na we unasema mama yangu ni daktari. Hukusemaka vile hata siku moja. Nikasema, wacha amalize."

Akasema hata baada ya ibada angeweza kwenda kwa agogo kumwonya, wakazungushia miiba, wakaweka mtu wa kulinda. Njia ilikuwa ileile ya kurudia nyumbani. Hakwenda. Alirudi kitandani akalala anacheka peke yake, siku tatu alikuwa na furaha ile. Kwa hiyo aliposema njo mimi, hakuwa ananibebea mzigo, alikuwa anajibu swali.

Nilisimama niende kwa agogo saa ileile. Mama alinishika sketi. Akasema agogo akijua ni mi niliyetaja mahali hataleta tena nguo, wala wajukuu zake, wala majirani zake, na sisi tutakula nini. Akasema yeye ni mzee, kuchukiwa hakumpunguzii kitu. Nilibishana naye. Sikubishana sana.

Sijamwambia hadi leo. Agogo bado ananiletea kazi, juzi tu alileta kitenge cha msiba wa dada yake. Hukaa pale kwenye kiti changu cha wateja, anakunywa maji, ananiuliza bega linaendeleaje. Mama akipita uani agogo huangalia cherehani yangu hadi amalize kupita, na habari zake haniulizi.